Bilioni Mbili na Ushei

2,147,483,647. Isome taratibu: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Wengi wanaoijua nambari hii waliijua siku kitu kilipokwama. Mtoto anacheza mchezo kwenye simu, sarafu zake zinafika hapo na kugoma. Kihesabio cha watazamaji kinaganda. Tarehe kwenye karatasi inaruka nyuma zaidi ya karne nzima. Jina lake limechafuka kwa namna hiyo, na ukiitaja mbele ya watu wa kompyuta watakusimulia habari za mwaka 2038 huku wakitikisa kichwa. Mimi naipenda. Kabla kompyuta yoyote haijaundwa nambari hii tayari ilikuwa na sifa zake, na iliyo kubwa kupita zote ni kwamba ni nambari tasa: haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha hilo mwaka 1772 alikuwa karibu kipofu, hakuwa na mashine, na njia aliyopita inaweza kufuatwa na mtu yeyote hapa Mombasa aliyemaliza kidato cha nne, mradi awe na kalamu, karatasi na subira.

Tuijenge kwanza. Anza na 1, kisha ongeza maradufu: 2, 4, 8, 16, 32, uendelee hivyo mpaka nambari zako ziwe 31 kwa idadi. Zijumlishe. Jumla ya mfuatano huu, popote utakapousimamisha, huwa pungufu kwa moja tu ya nambari ambayo ingefuata: 1 + 2 + 4 ni 7, na inayofuata ni 8. Ukisimama baada ya nambari 31, inayofuata ni 2,147,483,648, yaani mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja. Nitaiandika 2^31. Toa moja, umefika.

Sasa lichukue bao la kete, lile wanalocheza wazee kule Mji wa Kale. Lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Tuseme shimo la kwanza thamani yake ni 1, la pili 2, la tatu 4, na kuendelea, na kila shimo ama lina kete moja ama halina kitu. Shimo la 32 tumelitenga, kazi yake ni kuonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Jaza mashimo yote 31 kete moja moja, na hapo umeandika 2,147,483,647. Huna tena pa kuongeza. Ukilazimisha moja zaidi, mashimo yote 31 yanamwagika na kete inaangukia lile la hasi, na kompyuta inasoma -2,147,483,648. Kila shimo ndilo wanaloliita biti, na kwa miongo kadhaa kompyuta nyingi zimehifadhi nambari nzima hivyo hivyo, kwa biti 32.

Mtoto wa ndugu yangu alinijia na simu mkononi jioni moja. Alikuwa amepata toleo la mchezo lililochezewa, sarafu zinamiminika tu.

"Ami, sarafu zimegoma. Hata nikishinda haziongezeki."

"Zimefika ngapi?"

"Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na..."

Nikammalizia zilizobaki. Akanikodolea macho. "Ami, umejuaje?"

"Hiyo si ya mchezo wako, mwanangu. Hiyo naijua mpaka kwao."

Tulikaa barazani mpaka adhana ya isha, na mengi ya makala haya yalianzia hapo. Nilimwambia kwamba hata YouTube, Desemba 2014, walitangaza kuwa video moja ya msanii wa Korea Kusini imewafikisha kwenye nambari hiyo hiyo, wakapanua kihesabio chao kikawa cha biti 64.

Kisha kuna suala la saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache. Kwa hiyo Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, jua likiwa bado halijachomoza baharini, mashine yoyote inayotunza wakati kwa biti 32 itafika ukingoni. Sekunde itakayofuata itasoma tarehe 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 45 usiku. Mashine hiyo itaamini kwamba reli iliyoanzia hapa Mombasa bado haijafika Ziwa Victoria, kwani ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, siku chache baadaye Desemba hiyo hiyo.

Simu na kompyuta za siku hizi kwa kiasi kikubwa zimeshahamia biti 64. Ninachokiogopa ni vijimashine vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka: vidhibiti vya mageti, mizani, mita za zamani ukutani. Na programu za zamani maofisini nazo. Mteja mmoja aliniletea karatasi iliyochapishwa na mfumo wa ofisi fulani, mkataba wa kukodi ghala wa miaka 25 ulioanza 2016, na mfumo umeandika kwamba ulimalizika 1905. Karani aliyempa hakuona ajabu yoyote. Hilo lilinikera, kwa sababu mwaka 2038 hauko mbali kwa mtu anayeandika mikataba. Mikopo ya nyumba inayosainiwa sasa inauvuka.

Yatosha upande wa hitilafu. Yataandikwa mengi juu ya hilo miaka ijayo, na mengi yatakuwa ya kutishana tu.

Mimi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, upande wa Kilindini, na nambari ninazoshinda nazo ni za makontena. Kila kontena lina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho iliyochorewa kisanduku. Ile ya kisanduku watu huidhania pambo. Siyo. Ni ya kuzilinda zile kumi za mbele. Herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38, huku 11, 22 na 33 zikirukwa. Halafu thamani ya mahali pa kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, mpaka ya kumi kwa 512. Zote zinajumlishwa, jumla inagawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloingia kisandukuni. Baki likiwa 10, huandikwa 0.

Chukua CSQU 305438. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Ukizidisha na kujumlisha utapata 6,185. Kumi na moja mara 562 ni 6,182. Baki 3. Kwa hiyo kontena linaandikwa CSQU 305438 3, na likija na tarakimu nyingine mwishoni, kuna aliyekosea kuandika.

Kwa nini 11? Gawanya 1, 2, 4, 8, 16, 32 na wenzake kwa 11 uangalie mabaki: 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6. Inayofuata ni 1 tena, na duru inaanza upya. Mahali kumi, mabaki kumi, hakuna hata moja lililojirudia. Ndiyo maana karani akipindua tarakimu mbili, jumla inamsaliti karibu kila mara: kila mahali pana uzito wake wa peke yake. Aliyechagua 11 alijua mbili inazunguka vipi ndani yake.

Mzunguko huo ndio ufunguo wa kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo nakusihi usiuruke.

Chagua nambari tasa yoyote zaidi ya mbili. Anza na 2, ongeza maradufu, na kila matokeo yakizidi nambari yako, gawanya uchukue baki. Mwisho utarudi kwenye 1. Kwa 7, hatua ni 2, 4, 1: hatua tatu. Kwa 23 ni 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1: hatua kumi na moja. Kwa 11, kama tulivyoona, hatua kumi. Sasa toa moja kwenye kila nambari tasa: 6, 22, 10. Tatu inagawanya 6, kumi na moja inagawanya 22, kumi inagawanya 10. Haikosi kamwe. Idadi ya hatua daima hugawanya nambari tasa iliyopunguzwa moja. Mfaransa Fermat aliliandika jambo hili mwaka 1640.

Haya, tumfuate Leonhard Euler, yule mwanahisabati aliyekuwa karibu kipofu. Mwaka 1772 alikuwa Saint Petersburg, umri miaka 65, jicho moja limeshakufa zamani na la pili limefunikwa na mtoto wa jicho, akifanya hesabu kichwani na kuwasomea wengine waandike. Swali lilikuwa la zamani. Cataldi, Mtaliano, alidai mwaka 1603 kwamba ukizidisha pamoja mbili 23, au 29, au 31, au 37, ukatoa moja, unapata nambari tasa. Fermat aliziangusha ya 23 na ya 37. Euler mwenyewe aliiangusha ya 29. Mersenne, padri wa Ufaransa aliyezipa jamii hii ya nambari jina, aliiweka 31 kwenye orodha yake ya 1644 bila kutoa uthibitisho. Ilibaki ya 31, imesimama, na hakuna aliyejua kama itasimama daima.

Euler alijiuliza: kama kuna nambari tasa inayoigawanya 2^31 toa 1, ingekuwa ya namna gani? Tuiite mgawanyaji. Kusema anaigawanya ni kusema 2^31 ikigawanywa kwake inaacha baki 1. Maana yake, mzunguko wa mbili ndani yake umerudi kwenye 1 katika hatua ya 31. Basi urefu wa mzunguko lazima ugawanye 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa! Urefu ni 1 au ni 31, hakuna cha katikati. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu mbili ingekuwa inaacha baki 1, jambo lisilowezekana kwa mgawanyaji yeyote mkubwa kuliko moja. Basi ni 31 kamili. Na kwa kanuni ya Fermat, 31 inamgawanya mgawanyaji aliyepunguzwa moja. Tena mgawanyaji ni witiri, kwa hiyo akipunguzwa moja anakuwa shufwa. Hitimisho: ukitoa moja, kinachobaki kinagawanyika kwa 62. Wengine wote wameshatoka mlangoni. Tatu, saba, kumi na tatu, mia moja na moja, hakuna haja hata ya kuwajaribu.

Pima kanuni hii kwa ndugu zake walioanguka uone ilivyo kweli. 2^11 toa 1 ni 2,047, na ni 23 mara 89; toa moja kwenye kila mmoja, 22 na 88, zote zinagawanyika kwa 22. 2^23 toa 1 ni 8,388,607, na mgawanyaji wake ni 47, yaani 46 na moja. Iliyomponza Cataldi kwenye 29 ni 233, yaani 58 mara nne, na moja.

Kuna chujio la pili, na hatua hii naipenda kuliko zote. Tumesema 2^31 inaacha baki 1. Zidisha kwa mbili: 2^32 inaacha baki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 iliyozidishwa yenyewe. Kwa hiyo ndani ya ulimwengu wa mgawanyaji huyu, 2 ni baki la nambari iliyojizidisha yenyewe. Si kila nambari tasa inaruhusu hilo. Kwa 7 inawezekana, 3 mara 3 ni 9, baki 2. Kwa 17 inawezekana, 6 mara 6 ni 36, baki 2. Kwa 23, 5 mara 5. Lakini jaribu kwa 3, 5, 11 au 13 mpaka uchoke, hutapata. Zinazoruhusu ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinaacha 1 au 7. Changanya chujio hili na la 62, na wanaobaki ni wa namna mbili tu: wanaopatikana kwa kuzidisha 248 na kuongeza 1, au kuzidisha 248 na kuongeza 63.

(Hiyo 248 ni 8 mara 31. Mwaka 2015 wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani waliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kukamilisha siku 248 mfululizo, kwa sababu programu ya jenereta ilikuwa ikihesabu wakati kwa sehemu za mia za sekunde (mia moja kwa kila sekunde) ndani ya biti 32, na 2^31 za hizo ni siku 248 na nusu hivi. Nambari hizo mbili kufanana ni sadfa tupu. Bado nilipoigundua niliamka nikazunguka chumba.)

Tunasimama wapi? Ukizidisha 46,341 yenyewe unapata 2,147,488,281, umeshapita. Kwa hiyo kama nambari yetu ingekuwa na vigawo viwili, mmoja wao asingezidi 46,340. Chini ya hapo kuna nambari tasa zaidi ya 4,700. Baada ya machujio mawili, wanaobaki kwenye zile namna mbili ni 372, na ukiwaondoa wale ambao wenyewe si tasa unabaki na themanini hivi. Kazi ya miezi imekuwa kazi ya siku chache.

Anza basi. 249 ni 3 mara 83, mtoe. 311 ni tasa: nambari yetu ikigawanywa kwa 311 inatoa 6,905,092 na baki 35. Si yeye. Baada yake, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241 wote si tasa. 1,303: inatoa 1,648,107, baki 226. Si yeye. 1,489: inatoa 1,442,232, baki 199. Si yeye. Inayofuata kwenye foleni ni 2,543, nayo nakuachia. Ukifika mwisho hujampata hata mmoja, na humpati, umethibitisha kwa mkono wako kitu ambacho hakitabatilika hata ulimwengu ukiisha. Hilo ndilo linalonivuta kwenye hesabu. Mkataba unabatilishwa mahakamani, bei ya kontena hubadilika kati ya asubuhi na alasiri, lakini baki la 311 ni 35 leo na kesho.

Euler aliyaeleza matokeo hayo katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli mwaka huo wa 1772. Kwa miongo mingi baada ya hapo, hakuna nambari tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana duniani.

Matokeo hayo yalifungua kingine. Wagiriki wa kale walizipenda nambari ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote vidogo unaipata yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tuziite nambari timilifu. Euklidi alionyesha kwamba kila nambari tasa ya jamii yetu inazaa timilifu mmoja: 3 inazaa 6, 7 inazaa 28, 31 inazaa 496, 127 inazaa 8,128. Katika karne ya 13, Ismail ibn Fallus aliandika jedwali la nambari timilifu, na saba za kwanza alizotaja ni sahihi zote, mpaka 137,438,691,328. Natamani jina hilo litajwe zaidi katika madarasa yetu ya pwani, ambako vijana wanasoma hesabu asubuhi na Kiarabu alasiri wakidhani ni dunia mbili zisizojuana. Ya nane ilisubiri karne tano. Ni zawadi ya nambari yetu: 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ya nane ndiyo kubwa kabisa itakayowahi kupatikana, kwa kuwa nambari hizi ni za kustaajabisha tu na hazina manufaa, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Watu walijisumbua, na wangali wanajisumbua: Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa ya jamii hii hii, 2^136,279,841 toa 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Na manufaa? Manufaa yamekuja kupitia ule mzunguko. Chukua nambari yetu iwe ya kugawanyia. Anza na 1. Zidisha kwa 16,807, ambayo ni saba tano zilizozidishwa pamoja, gawanya, shika baki. Rudia. Utapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Zinaonekana kama hazina mpangilio, na zitapita kwenye nambari zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi kwenye 1. Njia hii imewapa wanasayansi nambari za kubahatisha, kama za kurusha dadu, kwa majaribio yasiyohesabika. Mwaka 1988 wanasayansi wa kompyuta Park na Miller waliipendekeza kuwa kiwango cha chini ambacho kila programu ya kubahatisha inapaswa kukifikia, wakatoa na kipimo: ukianza na 1, baada ya hatua 10,000 lazima uwe kwenye 1,043,618,065. Siku hizi kuna njia zenye nguvu zaidi, na hii isitumike kamwe kutengenezea nywila. Lakini yale mabaki kumi ya 11 pale kwenye kontena ni habari ile ile kwa udogo. Kinachonifurahisha ni kwamba ndani ya duara hili kubwa, 16,807 inatembelea kila nyumba, ilhali 2, kwa sababu ya jinsi nambari yenyewe ilivyojengwa, inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu.

Mtoto wa ndugu yangu aliponisikiliza mpaka hapo aliuliza swali zuri kuliko yote: "Ami, na tukiendelea?" Alikuwa ameona kwamba 5 ni tasa, 2^5 toa 1 ni 31, nayo ni tasa, na 2^31 toa 1 ni tasa. Basi je, tukichukua 2,147,483,647 yenyewe iwe ndiyo idadi ya mbili tunazozidisha, tukatoa moja?

Nambari hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Haiandikiki kwenye karatasi zote za ofisi yangu. Lakini jibu linajulikana, na linajulikana kwa sababu machujio ya Euler yanafanya kazi hata huko juu: mgawanyaji wake yeyote, akipunguzwa moja, lazima agawanyike kwa mara mbili ya 2,147,483,647, na akigawanywa kwa 8 lazima aache 1 au 7. Watu waliwatafuta wa namna hiyo kwa kompyuta, na mmoja wao akaigawanya sawasawa. Si tasa. Mgawanyaji ni 295,257,526,626,031. Nilimpa mtoto kikokotoo amkague. Alitoa moja, akagawanya kwa 2,147,483,647, akapata 137,490 kamili, nayo ni shufwa. Kisha akagawanya mgawanyaji mwenyewe kwa 8. Baki 7.